Chumba Kwanza, Maikrofoni Baadaye: Somo kwa Sharika Zinazoandaa Studio Ndogo ya Kurekodi



Katika toleo hili tunapenda kujifunza pamoja jambo ambalo limeanza kujitokeza mara kwa mara katika maombi ya miradi kutoka mwambao wa Tanga, Muheza na Pangani hadi Korogwe. Sharika zinaomba msaada wa kuanzisha studio ndogo ya kurekodi. Mara nyingi ni chumba kimoja katika nyumba ya mwinjilisti, au chumba cha kijana mmoja wa kwaya mwenye kompyuta na kipaji. Tunalipokea ombi hili kwa furaha, kwa sababu kazi zinazokusudiwa ni njema: nyimbo za kwaya, vipindi vya redio, mafundisho ya afya na kilimo, na masomo ya Biblia kwa wasioona na wasiojua kusoma.

Hata hivyo, tukisoma orodha za vifaa zinazoambatanishwa, karibu zote zinafanana. Namba 1 ni kompyuta, namba 2 ni maikrofoni ya bei kubwa, namba 3 ni spika. Chumba chenyewe hakitajwi, au kinatajwa mwishoni kwa maneno mawili: "ukarabati mdogo". Somo letu la leo ni fupi kulieleza, ingawa lina kazi ndani yake. Chumba ndicho chombo cha kwanza cha studio. Maikrofoni nzuri ndani ya chumba kibaya hurekodi ubaya wa chumba kwa usahihi zaidi. Maikrofoni ya kawaida ndani ya chumba kilichotulizwa vizuri hutoa kazi inayosikika na kueleweka. Na jambo la kutia moyo ni kwamba vitu vingi vinavyohitajika kutuliza chumba vinapatikana hapa hapa kwetu.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:7–9, anatoa mfano wa filimbi, kinubi na tarumbeta. Anauliza ni nani atakayejiandaa kwa vita kama sauti ya tarumbeta haieleweki. Huo ni mfano wa fundisho lake juu ya lugha, lakini unagusa pia kazi yetu. Ujumbe usiosikika vizuri haumfikii mtu, hata uwe wa kweli kiasi gani.

Tuchukue mfano wa fundisho la afya kwa mama wajawazito. Likitangazwa kwa sauti iliyojaa mwangwi, msikilizaji aliye jikoni, redio yake ndogo ikiwa juu ya kabati, atakosa neno moja kati ya manne. Pengine neno alilokosa ndilo lililotaja dalili ya hatari. Ndiyo maana vituo vya redio hurudisha vipindi ambavyo maneno yake ni mazuri lakini sauti inavuma kama imetoka ndani ya tangi la maji.

Liko pia jambo la wazee wetu. Wapo akina bibi na babu wanaokumbuka nyimbo na masimulizi ya Kisambaa na Kibondei ambayo hayajaandikwa popote. Mzee wa miaka 85 akija kuimba leo, hatuna hakika ya kumpata tena mwakani turudie. Rekodi iliyoharibiwa na chumba haiwezi kusafishwa kabisa na programu ya kompyuta. Mwangwi ukishaingia ndani ya sauti, ni kama chumvi iliyozidi katika mchuzi: waweza kupunguza makali yake, lakini huwezi kuitoa.

TULIKOTOKA

Zamani kurekodi kulikuwa safari. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay, India, ili sauti yake iingizwe katika sahani za santuri. Katika Kanisa letu, studio ya Sauti ya Injili kule Moshi ilikuwa ikitayarisha vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya kituo cha Redio Sauti ya Injili cha Addis Ababa, kilichoendeshwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipokitaifisha mwaka 1977. Vyumba vya kurekodia vya enzi hizo vilijengwa kwa mpango maalum, kuta zikiwa nene na zenye vinyonya sauti.

Leo mitambo imekuwa midogo na nafuu. Simu ya kijana wa kwaya ina uwezo wa kurekodi ambao wazee wale wangeustaajabia. Lakini vyumba tunavyorekodia ni vya tofali za saruji, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na paa la bati. Mitambo imesonga mbele, chumba kimerudi nyuma.

MATATIZO NI MAWILI, TUSIYACHANGANYE

Kamati nyingi husema, "Tunataka chumba kisichopitisha sauti." Kauli hiyo inachanganya mambo mawili yenye dawa tofauti.

La kwanza ni kelele za nje zinazoingia ndani: pikipiki, kunguru, watoto wanaocheza, mashine ya kusaga, mvua juu ya bati. Dawa yake ni uzito na kuziba mianya.

La pili ni sauti ya ndani inayogonga kuta ngumu na kurudi. Huo ndio mwangwi. Dawa yake ni vitu laini, vinene, vyenye vitundu vinavyopitisha hewa. Sauti ikiingia katika singa hizo, nguvu yake hugeuka kuwa joto dogo sana na kuisha.

Blanketi au sponji iliyobandikwa ukutani haitazuia pikipiki ya barabarani, kwa sababu ni nyepesi. Na ukuta mnene wa mawe hautapunguza mwangwi wa ndani, kwa sababu ni mgumu. Kamati ikielewa tofauti hii, imeokoa fedha nyingi.

SOMO KUTOKA KWENYE MITO YA VITI

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mhadhiri hakueleweka. Neno moja liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, likiyafunika maneno yaliyofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ukiwa umetulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaiingiza kidogo kidogo, huku akipima kwa saa muda ambao sauti ya bomba la kinanda ilichukua kufifia. Kabla ya asubuhi mito ilirudishwa mahali pake.

Aligundua kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo. Chumba kikiwa kikubwa, mwangwi hurefuka. Vinyonya sauti vikiongezeka, mwangwi hufupika. Alipima uwezo wa kunyonya kwa kulinganisha na dirisha lililo wazi, kwa maana sauti inayotoka dirishani hairudi tena. Ili kupata muda wa mwangwi kwa sekunde, chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawa kwa mita za mraba za "dirisha wazi".

Tukitumie kipimo hiki kwa chumba cha kawaida cha kwetu: urefu mita 4, upana mita 3, kimo mita 2.7 hadi kwenye dari. Ujazo wake ni mita za ujazo 32. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni mita za mraba 62. Nyuso ngumu za namna hiyo hunyonya kama sehemu 4 tu kwa 100 ya sauti inayozigonga, yaani chumba kizima ni sawa na dirisha wazi la mita za mraba 2.5. Hesabu inatupa mwangwi wa sekunde 2 hivi. Hayo ni maneno yanayokanyagana.

Sasa tuweke vinyonya sauti vinene vya mita za mraba 10, vinavyonyonya sehemu 80 kwa 100. Jumla inakuwa kama mita za mraba 10 za dirisha wazi, na mwangwi unashuka hadi nusu sekunde. Ongeza godoro lililosimamishwa nyuma ya msemaji na pazia zito, utakaribia theluthi moja ya sekunde, kiasi kinachofaa kwa usomaji na mahubiri. Hesabu hii ni makadirio, hasa kwa chumba kidogo, lakini inaionyesha kamati kiasi cha kazi kabla ya kutumia hata shilingi moja.

SHAMBA LETU LINA DAWA

Ndugu zetu wa nchi nyingine hununua pamba ya madini iliyotengenezwa kiwandani. Sisi tunaishi katika nchi ya mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba ya mkonge katika mkoa wetu. Singa fupi zinazobaki kiwandani, zisizofaa kwa kamba nzuri, zinafaa kwa kazi hii.

Pwani pia tuna minazi. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, hunyonya sauti vizuri ukitandazwa kwa unene wa kutosha. Sufi ya mito nayo inafaa, isipokuwa hushika moto upesi kuliko vyote. Blanketi kuukuu na nguo chakavu zilizopangwa kwa tabaka zinafanya kazi pia.

Unene ni jambo la lazima, na sababu yake ni hii. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde. Mlio mwembamba wa herufi "s", wenye mitetemo kama 6,000 kwa sekunde, una wimbi la sentimita 6 hivi. Sauti nene ya mwanamume, yenye mitetemo kama 100 kwa sekunde, ina wimbi la mita 3 na nusu. Kitambaa chembamba hulimeza wimbi dogo, lakini wimbi kubwa hulipita kama halipo. Chumba kilichobandikwa vitambaa vyembamba peke yake huondoa ung'avu wa sauti na kuacha mvumo mzito. Mwimbaji husikika kama amefunikwa na ndoo.

Hii ndiyo sababu trei za mayai hazisaidii, ingawa zimependwa sana na vijana. Ni karatasi nyepesi. Hazizuii kelele za nje, hazigusi sauti nene, hukaribisha vumbi na wadudu, na huwaka upesi.

JINSI YA KUTENGENEZA KINYONYA SAUTI

Fundi seremala wa usharika anaweza kuifanya kazi hii, akishirikiana na akina mama wenye cherehani.

1. Tengenezeni fremu ya mbao yenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 10. Fremu 14 zinatoa mita za mraba 10.

2. Wekeni wavu au kamba nyuma ili singa zisidondoke. Msipigilie plaiwudi, maana mgongo unatakiwa kupitisha hewa.

3. Kausheni singa au usumba juani siku 2 au 3. Chambueni, kisha jazeni kwa usawa. Zikilegea mno sauti itapita bure; zikishindiliwa mno zitakuwa kama ubao na sauti itarudi.

4. Funikeni kwa kanga au gunia jepesi. Kabla ya kushona, wekeni kitambaa mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita kwa urahisi, sauti itapita pia. Turubai na vitambaa vya plastiki havifai.

5. Tundikeni fremu kwa kuacha nafasi ya sentimita 10 kati yake na ukuta. Nafasi hiyo haina gharama, tena husaidia kunyonya sauti nene. Kwa hali ya hewa ya pwani inasaidia pia kuzuia ukungu. Mara moja kwa mwezi, hasa baada ya masika, zitoeni fremu juani na kukagua mchwa na panya.

Anzeni na pembe za chumba, kwa sababu sauti nene hujikusanya pembeni. Zinazofuata ziwe nyuma ya msemaji na ubavuni kwake, kisha moja au mbili zining'inizwe juu ya kichwa chake. Hakuna haja ya kufunika kila mahali. Mkifunika ukuta mmoja, msiuache ule unaotazamana nao mtupu kabisa, au muwe mmefunika nusu hapa na nusu kule. Kuta mbili tupu zinazotazamana hurushiana sauti kama watoto wanaorushiana mpira.

Umbo la chumba nalo lina sehemu yake. Kila urefu wa chumba una sauti nene inayoupenda. Chumba cha mita 4 huvuma zaidi kwenye mitetemo kama 43 kwa sekunde, na cha mita 3 kwenye mitetemo kama 58. Chumba cha mraba cha mita 3 kwa 3 huvuma mara mbili mahali pamoja. Mkiwa na uchaguzi, chagueni kisicho cha mraba. Anayesikiliza na kusawazisha nyimbo asikae katikati kabisa ya chumba, ambapo besi hupotea, wala asiegemee ukuta, ambapo besi huzidi. Akae kama theluthi moja ya urefu wa chumba. Hapo ndipo tutapona ugonjwa wa nyimbo ambazo studioni zina besi nzuri na ndani ya basi zinangurumisha viti.

KELELE ZA NJE NA JIRANI ZETU

Sauti hupita palipo na hewa. Upenyo chini ya mlango, hata ukiwa sehemu 1 tu kwa 100 ya ukubwa wa mlango, hupitisha sehemu 1 kwa 100 ya nguvu ya sauti, na sikio huisikia waziwazi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba. Mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli ukipigiliwa kuzunguka fremu ya mlango hufanya kazi nzuri. Mlango mzito wa mbao ngumu ni bora kuliko mlango mwepesi wenye uwazi ndani. Kwa dirisha la vipande vya vioo, fundi atengeneze kifuniko cha ubao mzito chenye kingo za blanketi, kinachoingia ndani ya fremu wakati wa kurekodi na kutolewa baadaye. Wenye nyumba za kale za mawe kule Pangani wana baraka ya kuta nene. Wao wahangaikie milango na madirisha tu.

Chumba kilichozibwa kinakuwa na joto kali, na feni au kiyoyozi husikika katika rekodi. Hakuna ujanja hapa zaidi ya utaratibu. Rekodini kwa vipindi vya dakika 20, kisha fungueni kila kitu, watu wapumue na kunywa maji. Mzee asikae ndani ya chumba kilichofungwa zaidi ya hapo.

Utaratibu wa muda ni kinyonya kelele kisicho na gharama. Kamati imteue mtu mmoja akae chumbani kwa siku 7, akiandika saa zenye kelele na saa tulivu. Mtagundua kwamba kunguru wana saa zao, mashine ina saa zake, na msikiti wa jirani una saa zake 5 zinazojulikana. Adhana isihesabiwe kama usumbufu wa kulalamikia. Ni ratiba ya jirani, nasi tupange ya kwetu kwa kuiheshimu. Vilevile jirani ana haki ya kulala. Kwaya inayorudia wimbo mmoja mara 12 saa 5 usiku haihubiri upendo, hata kama wimbo unahusu upendo. Msimu wa masika, juu ya bati, pangeni kazi za kuhariri na kuacha kurekodi kwa siku kavu.

MAIKROFONI MAHALI PAKE

Chumba kikishatulia, maikrofoni ya kawaida inatosha kwa kuanzia. Msemaji awe umbali wa shubiri moja hivi. Akikaa mita 1 mbali, chumba kitasikika kuliko yeye. Kama maikrofoni ni ya aina inayosikia upande mmoja, mgongo wake uelekezwe kwenye kelele, na mgongo wa msemaji uelekee kwenye kinyonya sauti. Kuzuia mpulizo wa herufi "p" na "b", tandazeni soksi ya nailoni juu ya duara la waya na kuiweka kati ya mdomo na maikrofoni.

Kwaya ya watu 30 isibanwe katika chumba hiki. Mahali pake ni kanisani. Mwangwi kiasi huunganisha sauti za waimbaji, na ndiyo maana wimbo hupendeza ndani ya kanisa kuliko uwanjani. Kama kanisa linavuma mno, waalikeni washarika waje wakae kwenye mabenchi kimya wakati wa kurekodi. Miili na nguo zao hunyonya sauti kama ile mito ya Sabine, nao watakuwa wamechangia mradi kwa kukaa tu.

TAHADHARI YA MOTO

Jambo hili hatulisemi kwa kupita. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi mmoja wa muziki huko Rhode Island, Marekani, sponji iliyobandikwa kupunguza kelele ilishika moto kutokana na fataki za jukwaani, na watu 100 walikufa. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, watu 242 walikufa kwa sababu inayofanana na hiyo. Moshi wa sponji una sumu, nao huua kabla ya moto kufika.

Singa, usumba na nguo pia huwaka. Kwa hiyo msitumie sponji ya magodoro kwenye kuta wala dari, na lile godoro la nyuma ya msemaji liwe la usumba. Pasiwe na mshumaa, jiko, sigara wala dawa ya mbu ya kuwasha ndani ya chumba. Nyaya za umeme zifungwe na fundi anayetambulika, zisipite nyuma ya fremu. Wekeni ndoo 2 za mchanga na kizima moto karibu na mlango. Mlango ufunguke kwa nje na usifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Mradi usiotimiza masharti haya usianze, hata kama fedha zipo.

MPANGO TUNAOPENDEKEZA KWA KAMATI

Hatua ya 1: Chagueni chumba. Pigeni kofi moja katikati ya kila chumba mlicho nacho na kusikiliza mkia wa sauti. Rekodini kwa simu dakika 1 ya mtu akisoma. Hifadhini rekodi hiyo.

Hatua ya 2: Zibeni mianya na kuandaa ratiba ya saa tulivu.

Hatua ya 3: Tengenezeni fremu 6 za kwanza. Rekodini tena dakika 1, msomaji yule yule, simu ile ile, mahali pale pale. Linganisheni, kisha mwongeze fremu hadi mtosheke.

Hatua ya 4: Hapo ndipo muandike ombi la maikrofoni na kompyuta, mkiambatanisha rekodi zote mbili.

Kwa ndugu zetu wafadhili tunasema hivi: rekodi ya kabla na ya baada ni taarifa ya mradi inayozidi picha 10 za ufunguzi. Inasikika, inapimika, na haiwezi kupambwa kwa maneno. Tunawaomba pia muwe tayari kupokea bajeti ambamo mbao, misumari na ushonaji vinatajwa mbele ya kompyuta. Bajeti ya namna hiyo isiwatie shaka. Inaonyesha kwamba usharika umeanza na kile ulichonacho mkononi, na kwamba kifaa mtakachochangia kitakuta mahali palipoandaliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Ni sauti zipi katika usharika wetu ambazo tusipozirekodi katika miaka 2 ijayo hatutazipata tena?

2. Je, orodha yetu ya mahitaji inaanza na chumba au na vifaa? Kwa nini?

3. Ni nani kati yetu wenye ujuzi wa useremala, ushonaji, au wanaoweza kupata singa za mkonge na usumba? Wamekwisha kuombwa?

4. Jirani zetu wamearifiwa juu ya mradi? Wana ushauri gani kuhusu saa za kurekodi?

5. Ni nani atakayesimamia usalama wa moto, na atakagua mara ngapi kwa mwezi?

Tunawasihi msiahirishe swali la kwanza. Mengine yanaweza kungoja kikao kijacho, lakini mzee anayejua wimbo hangoji kikao. Chumba kimoja, fremu 6 na simu ya kijana mmoja vinatosha kuanza mwezi huu.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu.